Mauzo yamesimama, programu mpya itatukwamua?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni meneja wa uendeshaji katika kampuni inayosambaza vipuri vya mashine. Kwa muda mrefu mauzo yetu yalipanda kila mwaka, lakini miaka miwili hii yamesimama palepale. Faida bado ipo, ila akaunti ya benki inazidi kukauka na idara zinalaumiana. Mkurugenzi anataka tununue programu itakayounganisha ghala, mauzo na uhasibu. Nina wasiwasi. Itatusaidia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wasiwasi wako una msingi. Programu itafanya kwa kasi zaidi yale mnayoyafanya sasa, na nadhani hayo hayo ndiyo yanayomeza fedha. Katika kazi yangu ya uhasibu nimekutana na kampuni nyingi zilizofika hapo mlipo. Taratibu zao zilitungwa zama ambazo kila mwaka uliupita uliotangulia, na mauzo yaliposimama hakuna aliyerudi kuzitazama.

Anzia ghalani. Mwulize anayeshughulikia manunuzi anaagiza kwa hesabu gani. Sitashangaa akikujibu: mauzo ya mwezi kama huu mwaka jana, ongeza asilimia 20. Mlipokuwa mkikua, nyongeza hiyo iliuzika. Mauzo yakisimama, kila mwezi mnabakiwa na mzigo sawa na sehemu ya tano ya mauzo ya mwezi, na ikifika miezi mitano mna mzigo wa mwezi mzima umelala rafuni, umeshalipiwa na hauna mnunuzi. Vitabuni haumo kwenye hasara, umeandikwa kama mali. Ndiyo maana faida mnaiona na fedha hamuioni. Ifuteni nyongeza hiyo. Agizeni kwa kufuata kilichotoka ghalani majuma ya karibuni, mkiweka akiba ya kuwatosha kwa siku ambazo mzigo huchukua kufika.

Wakubwa nao wamepitia haya. Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma, na Kiichiro Toyoda, aliyeianzisha, akajiuzulu. Miaka iliyofuata mhandisi wao Taiichi Ohno alijenga utaratibu wa kutengeneza kinachohitajika tu, kwa wakati kinapohitajika. Wengi Japani hawakuujali, maana uchumi ulikuwa ukipaa na kila kilichotengenezwa kilinunuliwa. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, na uchumi wao ukasinyaa mwaka uliofuata, ndipo wakaanza kuuliza Toyota inafanyaje. Utaratibu huo ulianza na kanuni na kadi za karatasi. Mwambie mkurugenzi wako hivyo, kwa adabu.

Kisha tazameni kamisheni. Kama mwuzaji analipwa kwa kuleta mteja mpya tu, atamwacha wa zamani anayenunua kila mwezi, kwa sababu huyo hampatii kitu. Soko likijaa, wateja wapya ni haba, na wauzaji huwapata kwa kuwapunguzia bei au kuwapa muda mrefu wa kulipa. Hapo idara ya mauzo inasherehekea na ya uhasibu inalia, ndizo hizo lawama unazozisikia. Mimi ningegawa kamisheni: sehemu kwa mteja anayerudi kununua, na sehemu ilipwe fedha ikishaingia benki, siyo ankara ikishaandikwa.

Madeni ni hesabu fupi: chukua jumla ya fedha mnazowadai wateja, gawanya kwa mauzo ya mkopo ya siku moja, utapata siku ambazo fedha yenu hukaa nje. Fanya hivyo pia kwa takwimu za mwaka wa mwisho mliokua, ulinganishe.

Kuna jambo moja linaloniuma zaidi, nalo ni watu. Kampuni inayokua hupandisha vyeo bila taabu kwa kuwa idara mpya zinafunguliwa. Ikisimama, kijana hodari husubiri mkubwa wake aondoke, akichoka anaondoka yeye, na ujuzi wa ghala lote anaondoka nao kichwani. Msimdanganye kwa cheo kisicho na kazi. Mwongezeni mshahara kwa ujuzi alionao, na mpeni jukumu la kuzirekebisha taratibu hizi, maana yeye ndiye anayejua zinakwama wapi.

Programu mtainunua kanuni mpya zikishafanya kazi kwa mkono miezi kadhaa. Kwa sasa omba daftari la ghala, utenge vipuri ambavyo havijatoka hata kimoja kwa mwaka mzima, uandike thamani yake. Nenda na karatasi hiyo kwa mkurugenzi kabla hajatia saini.