Ndege za kuzima moto wa msituni: maneno ya fundi kwa wanaoanza

Vijana wanaoniandikia kutoka nyumbani huanza karibu wote na swali moja: ni ndege ipi bora kwa kuzima moto wa msituni? Wameona video ya dege kubwa likishusha pazia jekundu mlimani, wanataka kulijua jina lake. Mimi ni fundi wa ndege, mzaliwa wa Moshi, na huu ni msimu wangu wa tisa kwenye viwanja vya ndege za moto magharibi mwa Marekani. Siku hizi nami huwauliza swali kwanza: maji yako wapi, na yako bondeni kiasi gani kuliko moto?

Chukueni Canadair CL-415, ndege ya Kanada iliyoundwa kwa kazi hii. Hii haihitaji kutua ili ijaze tangi. Inagusa ziwa kwa tumbo ikiwa bado mbioni, inakomba lita 6,137 kwa sekunde 12 hivi, inanyanyuka tena. Ziwa likiwa jirani, rubani anaweza kurudi motoni kila dakika 10, na kwa saa moja atakuwa amemwaga zaidi ya lita 36,000. DC-10, dege la abiria lililogeuzwa kuwa la kuzima moto, hubeba takriban lita 35,000 kwa mkupuo mmoja, lakini ikishamwaga lazima irudi kwenye uwanja wenye njia ndefu, isimame, ijazwe upya. Kwa hiyo penye maji karibu, ndege ndogo inaweza kulishinda jitu. Lisogezeni ziwa hadi umbali wa nusu saa na hesabu inageuka papo hapo. Ugiriki na Italia, zenye bahari pande nyingi, zimeitegemea Canadair miaka mingi kwa sababu hiyo.

Lita peke yake hazimalizi hesabu. Maji yakikauka, kazi yake imekwisha. Ile dawa nyekundu mnayoiona kwenye video ni maji yenye chumvi za fosfeti, jamaa ya mbolea za shambani, na rangi imewekwa ili rubani anayefuata aone mwenzake aliishia wapi. Maji yakishakauka chumvi hubaki kwenye nyasi na majani, na moto ukifika hapo unakosa nguvu. Ndiyo maana haimwagwi juu ya ndimi za moto, inamwagwa mbele yake, mithili ya mtu anayechora mpaka. Mito na maziwa tunayakwepa, kwani dawa hiyo hudhuru samaki.

Helikopta ni habari nyingine. Inachota kwa ndoo inayoning'inia au kwa mrija, hata kwenye bwawa dogo la ng'ombe, na inaweza kuweka maji pale pale mtu wa chini alipoonyesha kwa kidole. Lakini ndoo hunasa kwenye miti, nyaya za umeme hazionekani ndani ya moshi, na ikishuka mno, upepo wa mapanga yake unaupepea moto uliokuja kuuzima.

Sasa niseme la kwangu, la mabawa.

Tarehe 17 Juni 2002, karibu na Walker, California, ndege aina ya C-130A, ya mizigo ya kijeshi ya zamani, ilikatika mabawa yote mawili ikiwa katikati ya kumwaga dawa. Wote 3 waliokuwemo walikufa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 18 Julai, karibu na Estes Park, Colorado, ndege iliyoundwa zama za Vita Kuu ya Pili ilipoteza bawa, wakafa 2. Chanzo kilikuwa nyufa za uchovu wa metali. Mwaka 2004 serikali ya Marekani ikavunja mikataba ya ndege kubwa 33 kwa wakati mmoja.

Mtu akisikia "nyufa" hudhani ni uzee tu. Fikirini kinachotokea. Ndege ya lita 11,000 imebeba tani 12 hivi za dawa. Milango ya tangi inafunguka, na ndani ya sekunde chache mzigo wote umeondoka huku mabawa bado yanainua kana kwamba upo. Ndege inaruka juu kama mtu aliyetuliwa gunia ghafla. Hewa ya juu ya moto nayo inaipiga kutoka chini. Hilo linajirudia mara kadhaa kwa siku, miezi mfululizo. Bawa lililobuniwa kwa safari tulivu za mbali linazeeka upesi likiishi hivi, na kitabu cha saa za kuruka hakiwezi kukwambia ni upesi kiasi gani.

Msimu wangu wa pili nilikagua ndege jioni, baada ya siku ya safari nyingi. Dawa ilikuwa imekauka chini ya bawa, ukoko mwekundu kama tope la mvua za kwanza. Nilipitisha tochi, sikuona kitu, nikatia sahihi. Fundi mmoja mzee akapita nyuma yangu. Hakusema neno. Alilowesha kitambaa, akafuta sehemu ya ukubwa wa kiganja, akanishika mkono na kuniwekea kidole pembeni ya ribiti, kile kipini kinachoshikilia bati la bawa. Macho yangu yalikuwa yamekataa, ila ukucha ulikwama. Palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele, urefu wa punje ya mchele. Bosi wa kampuni alikuja juu, mteja alikuwa anapiga simu, moto ulikuwa unakimbia. Ndege ile haikuruka kesho yake. Nilikuwa nimetia sahihi juu ya uchafu, na wangepanda watu wenye majina ninayoyajua. Tangu siku ile naosha kwanza, ndipo nakagua, hata kama ni saa sita usiku.

Kwa wanaotaka urubani, hatari kubwa ni kuingia mahali pasipo na njia ya kutokea. Kumwaga kunahitaji kushuka. Ndege kubwa humwaga takriban futi 200 juu ya miti, ndogo chini ya hapo, na kwa mwendo mdogo. Marubani ninaowaamini hupita kwanza wakiwa juu, wakitazama mlango wa kutokea kabla ya shabaha yenyewe: nikishamwaga nageukia wapi, na mzigo ukikataa kutoka je, bado napita? Tarehe 25 Julai 2023, kisiwani Evia, Ugiriki, Canadair CL-215, mtangulizi wa CL-415, ilimwaga, bawa likagusa mti, ikaangukia bondeni. Marubani wote 2 walikufa. Mti mmoja ulitosha.

Hewa yenyewe siku hizi imejaa. Tarehe 6 Agosti 2023 helikopta mbili zilizokwenda kwenye moto mmoja ziligongana huko Cabazon, California, wakafa 3. Januari 2025, Los Angeles ikiwaka, droni ya mtu binafsi ilitoboa bawa la CL-415 iliyotoka Quebec. Ilitua salama, lakini ikaondolewa kazini siku ambazo jiji liliihitaji kuliko wakati wowote. Jifunzeni nidhamu ya redio mapema: sema ulipo, sema unakwenda wapi, nyamaza.

Na msiwasahau walio chini. Mwaka 2018 California, mzigo wa dege aina ya Boeing 747 ulimwagwa kutoka chini mno, ukavunja miti, na mti mmoja ukamwangukia mzimamoto akafa. Maji kwa tani si mvua. Wa chini wasipojibu kwamba wameondoka, usimwage.

Mnaniuliza pia kuhusu mlima wetu. Oktoba 2020 mdogo wangu alinitumia picha aliyoipiga usiku kutoka Moshi: mstari wa moto umelala juu ya Kilimanjaro. Mamia ya watu walipanda kuupiga kwa matawi na mapanga. Wengi waliandika kwamba tungekuwa na Canadair moto ungekwisha. Tulieni tupige hesabu. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na vichaka vinavyoungua mlimani viko juu ya mita 3,000. Kila mzigo ungepandishwa zaidi ya kilomita 2 kwenda juu, kwenye hewa nyepesi inayoipunguzia injini nguvu na bawa mshiko. Ziwa Chala liko karibu zaidi na mlima, ila limezama ndani ya kingo kali za kreta. Helikopta yenye ndoo ingechota, ndege ya kukomba isingeingia.

Mimi ningeanza na helikopta yenye nguvu mwinuko huo, hata ikibeba maji machache, na matangi ya turubai yanayokunjwa, yawekwe pale vijito vinapopita ili ijaze karibu. Na safari zake za kwanza asubuhi, hewa ikiwa bado baridi na nzito, ningezitumia kupandisha watu, majembe na maji ya kunywa, kwa sababu wale wa mapanga walitembea saa nyingi kabla hawajaufikia moto.