Sinema ya mtaani ikikaribia kufungwa, usingoje siku ya mwisho

Majestic ya Vuga ilifungwa mimi nikiwa Dar, nasoma. Niliporudi Unguja likizo nikakuta kufuli mlangoni, na yule muuza njugu keshahamia Darajani. Kwa hiyo ushauri huu unatoka kwa mtu aliyechelewa.

Jumba lenyewe lilikuwa limeshakufa mara moja. Lile la awali, Royal, lilifunguliwa 1921 kwa ramani ya J. H. Sinclair, likaungua 1954. Mwaka uliofuata likasimama jengine pale pale, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania. Bibi yangu hata hivyo hakuwahi kulitamka jina jipya. Kwake ilikuwa Roya mpaka anafariki.

Kama ya kwenu bado inauza tiketi, nenda ukanunue, na mchukue mama yako. Wangu alikuwa akienda na wenzake kwenye maonyesho ya wanawake peke yao, wamejipamba, wananukia udi na asumini, na picha ya Kihindi ikiisha wanarudi wanaimba njia nzima. Hayo nimeyajua ukubwani, kwa kuuliza. Utotoni nilikuwa na shughuli ya kugombea kiti cha mbele.

Wala usije ukamaliza huzuni yako yote kwa kuilaumu video. Televisheni tulikuwa nayo Zanzibar tangu miaka ya 1970, na foleni ya Jumapili ilibaki vile vile. Kaseti ndiyo iliyotumaliza, maana ilileta picha ile ile ya Kihindi sebuleni, ukairudia nyimbo mara kumi. Na nani alikuwa akikodi kaseti? Mimi, wiki mbili kwa wiki mbili.

Picha za jengo piga, lakini usijisumbue sana. Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, watalii wanaupiga kila pembe. Kisichopigwa na mtu ni kazi iliyokuwa ikifanyika ndani. Mtafute opereta wa mashine ya kuonyeshea picha angali na nguvu. Usimuulize kama anaikumbuka sinema, atakujibu "naam" na mazungumzo yataishia hapo. Muulize rili, ule mkanda wa picha, ikikatika aliiunga kwa kitu gani. Muulize nani aliyebeba mikebe ya rili, na joto la kile chumba alilistahimili vipi.

Mimi nilimpata wa kwetu miaka mingi baadaye, barazani kwake, nimeweka simu juu ya mto inarekodi. Nusu ya mambo alikuwa keshayasahau. Nilipouliza kuhusu mikebe tu ndipo alipochangamka: picha moja ikigawanywa na sinema nyengine, kijana hupanda baiskeli na rili mgongoni, na akichelewa, watu wa chini ukumbini wanageuka simba. "Na stelingi yuko katikati ya ngumi!" akasema, akacheka mpaka akakohoa. Dakika arubaini, basi. Ningemwendea mapema ningepata masiku.

Jambo la mwisho, rekodi hiyo usikae nayo peke yako. Mzee alipofariki nilimpelekea binti yake nakala. Akanipigia usiku ule ule, akaniomba nimwambie dakika ya ngapi baba yake anapiga mluzi, ule wa kuwaiga watu wa chini, maana wajukuu wanataka kuusikia tena.