Kasri la Kiarabu Huanzia Uani

Ndugu, umeuliza kama kuba nyingi na dhahabu zinatosha kuifanya hoteli unayoibuni Muscat ifanane na kasri la Kiarabu. Kwa maoni yangu hazitoshi. Emirates Palace ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2005, ina kuba 114, lakini kuiga idadi hiyo hakutakufaa ikiwa vyumba vimepangwa kama vya hoteli yoyote ya mjini.

Itembelee kwanza ngome ya Jabrin, hukohuko Oman, iliyojengwa na Imamu Bil'arab bin Sultan katika karne ya 17, ambako falaji, yaani mfereji wa asili wa Kiomani, hupitisha maji ndani ya jengo, dari za mbao zimepambwa kwa michoro ya maua na maandishi, na ukumbi wa Jua na Mwezi una madirisha 14 katika safu mbili, ili hewa baridi iingie kwa chini huku ile ya joto ikitokea juu. Huo ndio ufahari ninaotamani uuige.

Vyumba vielekee uani penye maji na kivuli. Njia ya kuingilia ipinde, mgeni aliye mlangoni asione faragha ya wengine, na majlisi, yaani ukumbi wa kupokelea wageni, ya kahawa na tende iwe karibu na lango. Mashrabiya, yaani viwambo vya mbao vyenye matundu vya madirishani, ziweke upande wa magharibi, panapopigwa na jua kali la alasiri. Inasikitisha kuziona zimebandikwa ukutani kama pambo tu. Maandishi ya khati, yaani ya sanaa ya Kiarabu, mwachie khatati, fundi wa sanaa hiyo, mwenyewe, na aya za Kurani zisikaribie kabisa sakafu, mazulia wala vyoo.