Nani Aliyemwona Andrew Mynarski?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika makala yenu kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia mlimtaja Andrew Mynarski, kijana wa Kanada aliyepewa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa kujaribu kumwokoa mwenzake ndani ya ndege iliyokuwa ikiwaka moto. Ikiwa yeye mwenyewe alifariki, nani aliona alichokifanya? Na vijana waliopotea bila shahidi wanakumbukwaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, aliyeona ni yule yule aliyekuwa akiokolewa.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, ndege ya mabomu aina ya Lancaster ya Kikosi cha 419 cha Kanada, yenye watu saba, ilikuwa ikielekea Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, kushambulia reli. Ndege ya Kijerumani iliimiminia risasi, injini zote mbili za kushoto zikaharibika, na rubani akaamuru wote waruke. Mynarski, mwenye umri wa miaka 27, aliyekuwa na zamu kwenye bunduki za juu ya mgongo wa ndege, alikuwa karibu kutoka alipogundua kwamba Pat Brophy, mpiga bunduki wa mkiani, amenasa ndani ya kibanda chake cha bunduki, kwa kuwa mtambo wa kukizungusha ulikuwa umekufa. Alipita katikati ya moto, akakipiga kile kibanda kwa shoka, kisha akajaribu kukisogeza kwa mikono mitupu, huku nguo zake zikiwaka kuanzia kiunoni kushuka. Brophy akamwashiria aende zake. Mynarski akarudi hadi mlangoni, akasimama wima, akampigia saluti, ndipo akaruka na mwavuli uliokwisha kushika moto. Wafaransa walimwokota akiwa hai, lakini majeraha ya moto yalimuua muda mfupi baadaye.

Ajabu ni kwamba ndege ilipoanguka Brophy alirushwa nje, akanusurika, akafichwa na Wafaransa waliokuwa wakipambana na Wajerumani kwa siri. Ushuhuda wake ndio uliowafikia wakuu wa jeshi, na nishani ikatangazwa Oktoba 1946. Wenzao wengine watano nao walipona. Laiti Brophy angekufa mle kibandani, kama ilivyotarajiwa, leo Mynarski angejulikana kwa jina na tarehe ya kifo tu, ingawa alichokifanya kingekuwa ni kile kile.

Hali hiyo ndiyo iliyowapata wengi, na hapa naingia katika swali lako la pili. Kati ya wanajeshi wa ndegeni wapatao 125,000 wa Kamandi ya Mabomu, yaani jeshi la ndege za mabomu la Uingereza, 55,573 walikufa, wengi wao wakiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na mara nyingi ndege nzima ilipotea bila kubakisha wa kusimulia. Mnara wa Runnymede, karibu na London, uliofunguliwa mwaka 1953, una majina zaidi ya 20,000 ya wanajeshi wa anga wa Uingereza na Jumuiya ya Madola wasio na kaburi linalojulikana, yakiwa yamepangwa kwa mwaka na cheo, pasipo maelezo mengine. Kwa maoni yangu, kituo cha kumbukumbu ya Kamandi ya Mabomu kilichoko mjini Lincoln, Uingereza, kinamfaa zaidi mtu anayemtafuta ndugu yake, maana orodha yake ya waliokufa imewekwa kwenye intaneti, na familia huongeza humo picha na habari walizohifadhi nyumbani. Ukiwa na jina kamili na tarehe aliyopotea, anzia hapo.