Maji taka yaliyosafishwa kwenye minara ya kupozea: pima amonia kwanza

Mkuu, umeuliza kama kiwanda chenu kinaweza kuacha maji ya bomba na kutumia maji taka ya mji yaliyosafishwa kwenye minara ya kupozea, maana ripoti ya mtambo wa maji taka inaonyesha BOD (kipimo cha uchafu unaokula oksijeni ya maji) na tope viko chini kabisa. Inawezekana. Ila ripoti hiyo iliandikwa kwa ajili ya mto yanakomwagwa maji hayo, haisemi lolote kuhusu kondensa yenu, yaani kifaa cha mabomba kinachopoza mvuke uwe maji. Nimesimamia maji ya namna hiyo kiwandani kwa miaka sita, na kilichotutesa ni amonia.

Maji tuliyopokea yalikuwa maangavu, hayana harufu. Mabomba ya kondensa yetu yalikuwa ya shaba iliyochanganywa na zinki. Amonia inaila shaba, na pale bomba lilipokazwa, hasa kwenye ncha zilizotanuliwa ili zishike, hutokea nyufa nyembamba kama unywele. Mwezi wa nane yakaanza kuvuja. Wiki mbili nzima tulilaumu mtetemo wa pampu kabla mtu hajafikiria kupima amonia.

Wakati huohuo ute ulikuwa unaota minarani ingawa klorini tuliweka kama zamani na kipimo kilionyesha imo. Klorini ikikutana na amonia hugeuka kloramini, ambayo huua vijidudu polepole zaidi. Usijaribu kuimaliza amonia yote kwa klorini. Kikemia unahitaji takriban gramu 7.6 za klorini kwa kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia, na kazini huwa zaidi. Maji yenye miligramu 20 za nitrojeni hiyo kwa lita yatakula zaidi ya kilo 150 za klorini kwa kila mita za ujazo 1,000. Hakuna bajeti inayostahimili hilo. Tena kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitrati humohumo mnarani na kuzalisha asidi. Kuna asubuhi tulikuta pH, kipimo cha ukali wa asidi, imeshuka chini ya 6 na hakuna aliyemwaga asidi.

Bakteria haohao ndio dawa, mradi wafanye kazi kabla maji hayajafika kwenu. Wanakua taratibu, kwa hiyo mtambo wa maji taka lazima uwape hewa ya kutosha na ukae na tope lake, ambamo bakteria hao huishi, siku nyingi zaidi. Sisi tuliingiza kikomo cha amonia kwenye mkataba, miligramu 1 kwa lita, na tukakubali kuchangia gharama za hewa. Nakushauri ufanye hivyo kabla ya kulaza bomba hata moja. Palo Verde, kituo cha nyuklia kilichopo jangwani Arizona, Marekani, hupozwa kwa maji taka ya miji ya eneo la Phoenix, na bado wana mtambo wao wenyewe wa kuyasafisha tena, amonia ikiwemo.

Fosfeti nayo iangalie: ikikutana na kalsiamu kwenye bomba la moto inajenga ukoko. Chumvi za chuma au alumini huitoa mapema.

Boila ni habari nyingine, usiziguse bila osmosisi kinyume, yaani kusukuma maji kwa shinikizo yapite kwenye utando unaozuia chumvi. Na hapa amonia inageuka rafiki, kwa sababu utando wa poliamidi huharibiwa na klorini huru lakini huvumilia kloramini. Singapore wanapitisha maji taka kwenye utando wa aina hii, na tangu 2003 viwanda vya chipu za kompyuta vinayatumia. Durban, Afrika Kusini, hawakufika huko. Mtambo wao wa 2001, uliojengwa kwa uwezo wa mita za ujazo 47,500 kwa siku, ulilenga kiwanda cha karatasi na cha kusafisha mafuta. Kila kazi ina maji yake, na kulipia usafi usiohitajika ni hasara.

Wafikirie watu wako pia. Matone yanayopeperuka kutoka mnarani yanaweza kubeba Legionella, bakteria wanaosababisha homa ya mapafu, kwa hiyo vizuizi vya matone viwe vizima, na bomba la maji haya lisiunganishwe popote na la kunywa, hata kwa dharura.

Ripoti uliyonayo ni wastani wa siku. Omba sampuli za kila saa 2 kwa wiki nzima, maana amonia hupanda na kushuka kadiri mji unavyoamka na kulala. Kisha niambie mabomba ya kondensa yenu ni ya metali gani, tuanzie hapo.