Kutu ya 504: kabla ya puti na rangi, tafuta maji yanapokaa

Mkuu, umeuliza kama Peugeot 504 ya marehemu mzee wako, iliyolala chini ya mwembe huko Kigamboni, inaweza kufanyiwa bodi nyumbani. Fundi wa kwanza kakwambia "hii ni puti na rangi tu" (puti ni ile pasta ya kusawazishia bati), wa pili kakwambia uza kwa watu wa vyuma chakavu. Kwa maelezo yako, hakuna hata mmoja aliyelala chini ya gari kuangalia. Mimi ya kwangu nimeifanya nyumbani Tabata, ni sedani kama hiyo yako, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Inawezekana, na sehemu kubwa utaifanya kwa mikono yako. Ila wengi wanaliangalia gari kwa nje, wanahesabu malengelenge ya rangi, wanapiga bajeti ya rangi. Lengelenge ni mwisho wa safari. Chuma kikishika kutu kinavimba, ile kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndipo inasukuma rangi kutoka ndani kuja nje. Ukiona vimba kwenye kona ya chini ya mlango, maana yake upande wa ndani maji yamekaa muda mrefu. Usipojua yaliingilia wapi na yameshindwa kutokea wapi, hata upake rangi ya bei gani, masika ijayo utayaona tena palepale.

Anza na vitu vinne: bisibisi, nyundo ndogo, tochi, na sumaku ya spika mbovu uliyoifunga kitambaa ili isikwaruze. Pitisha sumaku polepole ubavuni, kwenye matao ya matairi na chini ya milango. Ikinasa vizuri, chuma kipo. Ikilegea na kuteleza, umekuta puti ya mtu wa zamani, na magari ya wazee wetu yana puti ya kila awamu. Gonga pia kwa nyundo: bati zima linalia, palipojazwa panatoa sauti nzito iliyokufa.

Kisha ng'oa viti na kapeti zote. Usiishie kufunua kona moja. Chini ya kapeti kuna mashuka ya lami yaliyobandikwa kiwandani kupunguza kelele, na hapo ndipo 504 nyingi zinaficha siri. Kwangu, upande wa dereva lami ilikuwa imekaa vizuri kabisa, nyeusi, haina ufa. Nilipoipitishia patasi ikatoka kipande kizima na sakafu imeganda upande wa chini, tabaka juu ya tabaka za rangi ya kahawia, na kupitia tundu lililobaki naona saruji ya uani. Bisibisi uitumie kupima sakafu: sukuma kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Chuma kinachotoboka kwa mkono si chuma tena, kitakatwa.

Sehemu za kuchungulia zaidi kwenye gari hili: yale maboksi marefu yanayopita chini ya milango, sakafu ya mbele, chini ya kioo cha mbele majani yanapojazana, sehemu ya juu zinapokaa shokapu za mbele, kitako cha betri, chini ya fenda za mbele, na sakafu ya buti. Kama yako ina lile dirisha la paa la kusukuma, fuatilia mipira midogo inayoshusha maji. Ikiziba, maji ya paa yanaishia ndani ya gari. Na gari lililokaa chini ya mwembe, ninakuhakikishia, kila tundu la kutolea maji limezibwa na majani yaliyooza. Milango ina matundu chini, maboksi yana matundu chini. Yazibue kwa waya kabla ya jambo lingine lolote, leo hii, hata kama kazi yenyewe utaianza mwakani.

Hayo maboksi ya chini ya milango usiyachukulie kama pambo. 504 haina chesesi ya kujitegemea kama Land Rover, mwili wenyewe ndio unaobeba gari. Ukikata boksi lililooza bila kujiandaa, gari linajikunja kidogo katikati na mlango haufungi tena. Liegemeze gari kwenye sehemu zinazobeba uzito siku zote, yaani kwenye matairi au karibu na shokapu, usinyanyue kwa jeki katikati. Chomelea pembe za chuma za muda katikati ya nguzo za mlango, pima uwazi wa mlango pande zote na uandike. Fanya upande mmoja mpaka uishe ndipo uhamie wa pili.

Sasa chumvi, na hapa ndipo ushauri wa mitandaoni wa watu wa Ulaya unatupotosha. Wao wanaweza kuvua gari zima likabaki bati tupu na kulifunika gereji wiki nzima. Jaribu hivyo Kigamboni, kwenye hewa ya chumvi ya bahari. Bati uliloling'arisha jioni, asubuhi lina wekundu kama limepakwa binzari. Kwa hiyo usivue gari zima. Chukua kipande kimoja, fenda au mlango, isafishe mpaka chuma cheupe, ipake praima (rangi ya msingi) siku hiyo hiyo. Vaa glavu, maana jasho la kiganja lina chumvi, na alama za vidole zinarudi kuonekana chini ya rangi.

La pili ni maji yenyewe. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, sote tunajua. Ukisugua kwa msasa wa maji ukitumia maji ya kisima, unapaka chumvi kwenye gari kisha unaifungia chini ya rangi. Chumvi inavuta unyevu kupitia rangi na baada ya muda mfupi unapata vipele vidogo vidogo ambavyo fundi ataisingizia thina. Tumia maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua. Na kabla hujagusa msasa, osha gari lote kwa maji hayo, ingiza mpira ndani ya maboksi mpaka maji yanayotoka chini yawe masafi, kisha liache likauke juani milango ikiwa wazi.

Atakuja mtu akwambie peleka gari likapigwe mchanga kwa kompresa, kutu yote inatoka saa moja. Kwa vyuma vinene kama vya shokapu ni sawa. Kwa boneti, paa na milango kataa, bati la bapa linapata joto na kipigo na linajikunja, hutaliweza kulirudisha. Na uulize mchanga umetoka wapi. Ukiwa wa pwani unarudi kwenye habari ya chumvi. Vitu vidogo kama bawaba, vishikio na boliti loweka kwenye siki, au kwenye molasi wanayouza kwenye maduka ya chakula cha mifugo, sehemu moja kwa maji sehemu tisa hivi. Molasi ni ya polepole, inataka wiki kadhaa na inanuka, lakini inakula kutu na chuma kizima inakigusa kidogo sana. Kutu iliyobaki kwenye vishimo vya bati paka dawa ya asidi ya fosfori, inaigeuza kuwa nyeusi. Fuata maelekezo ya kopo kuhusu kuosha, asidi iliyobaki inakataa praima.

Kuchomelea ndiyo kazi nisiyokushauri ujifunzie kwenye gari la mzee. Bati la gari ni la milimita 0.8 hivi. Yule fundi wa mageti mtaani kwenu, mwenye mashine ya fimbo, ni hodari kwenye mageti, hapa atakutobolea. Tafuta mwenye MIG, mashine ya kuchomelea ya waya wa milimita 0.6 au 0.8 yenye gesi, aje nyumbani. Ukiwa umeshakata na kuandaa viraka vyote, kazi yake inakuwa chache na bei inashuka. Chonga kiraka cha karatasi ya boksi kwanza, kikikaa vizuri ndipo uhamishie kwenye bati la geji 20. Kwa maboksi ya chini geji 18. Bati jeusi la kawaida utalipata mtaa wa Gerezani, hapa Dar. Usikubali bati la kuezekea wala debe. Zinki ya bati la kuezekea ikiungua inatoa moshi mweupe, na ukiuvuta jioni unapata homa na baridi kama ya malaria.

Mwambie achome nukta, aruke, achome mbali, arudi, asivute mstari mrefu, la sivyo bati litapinda kwa joto. Kizuie upepo, maana gesi ikipeperushwa mchomo unakuwa na matundu kama sponji. Siku hiyo ng'oa betri, toa tenki la mafuta kabisa, ondoa mashuka ya lami karibu na mchomo, na weka ndoo ya maji na mtu wa kuangalia upande wa pili wa bati. Moto wa gari unaanzia upande usioutazama.

Puti haina ubaya wowote ikikaa mahali pake. Kazi yake ni kusawazisha milimita moja au mbili za mwisho baada ya bati kunyooshwa kwa nyundo. Kuziba tundu si kazi yake. Puti inanyonya unyevu, kwa hiyo tundu lililozibwa kwa puti ni kitambaa chenye maji kilichogandishwa kwenye chuma. Mimi napaka praima ya ipoksi kwenye chuma safi kwanza, puti inakuja juu yake, na naisugua kikavu, msasa namba 80 kisha 180, bila maji kabisa. Ile praima nyekundu ya bei poa ya mageti inapitisha maji, usiliache gari nayo nje ukidhani umelilinda. Viungo vyote vya viraka viwekewe silanti (gundi ya kuzuia maji) juu ya praima, hasa bati lililopandana juu ya bati.

Rangi sitaiongelea sana, nusu ya mafundi humu watakuja kubishana. Fanya kati ya Juni na Septemba, unyevu ukiwa umepungua. Anza kama saa nne asubuhi umande ukishakauka na umalize kabla upepo wa mchana haujaleta vumbi la barabara. Jioni ni ya wadudu. Mimi nilizungushia vyandarua vya zamani na turubai juu. Kompresa kwa hali ya hewa yetu inatengeneza maji mengi, toa maji kwenye tenki kila mara na weka kichujio karibu na bunduki. Kama utatumia rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), ile barakoa ya karatasi haikusaidii kitu. Hadina ina kemikali inayoharibu mapafu na kuleta pumu ya kudumu. Kama huna barakoa ya kupitisha hewa safi kwa mpira, mpe fundi mwenye nayo hiyo hatua moja na wewe ubaki na zilizobaki.

Baada ya rangi kukauka kuna kazi ambayo karibu kila mtu anairuka, na kwangu ndiyo iliyolipa zaidi ya zote: ndani ya maboksi. Nyunyizia nta ya maboksi kwa mpira mwembamba kupitia yale matundu. Ukiikosa, yeyusha grisi safi kwa tapentaini na oili mpya mpaka iwe inapita, nyunyiza, iache itiririke mpaka ianze kudondoka chini, hapo unajua imefika kote. Kisha zibua matundu tena. Ile tabia ya kumwagia oili chafu ya injini iache, ina asidi na ni sumu kwa ngozi yako. Na lami nene chini ya gari usipake juu ya kutu. Ikipasuka kidogo tu, maji yanaingia nyuma yake na hutayaona.

Yule anayekwambia uiuze mwambie magari haya yana historia na nchi hii. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mbio za magari za Safari Rally 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, na 504 ikaja kuichukua mwaka 1975 na Ove Andersson. Zaidi ya hapo 504 ziliunganishwa Kenya kwa miaka mingi, kwa hiyo milango na fenda nzima bado zinapatikana upande ule. Fenda za mbele zimefungwa kwa boliti. Ukipata nzima, bei yake mara nyingi inashinda kushona ya zamani viraka.

Kuhusu ulichouliza mwishoni, kubadili rangi iwe nyeupe: rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadili itabidi upeleke kadi TRA (mamlaka ya mapato) wairekebishe. Mimi ningeiacha rangi ya mzee. Weka picha za chini ya milango na za sakafu ukishatoa kapeti, tukwambie kipi kikatwe na kipi kinasafishika.