Kabla ya kusoma uthibitisho, jaribu uzani wa x^a

Nilipoanza kusoma makadirio yenye uzani, yaani yale ambayo intigrali ya kila upande imezidishwa ndani kwa kazi chanya w, nilipoteza karibu miezi miwili nikinakili uthibitisho. Nilijaza daftari kwa sharti la Muckenhoupt la mwaka 1972. Kwa p = 2, yaani f ikipimwa kwa intigrali ya mraba wake, linasema hivi: chukua kipande chochote cha mstari, tafuta wastani wa uzani w, tafuta na wastani wa 1/w, zidisha; jibu lisivuke namba moja iliyowekwa, kipande kiwe kifupi au kirefu namna gani. Nililijua kwa moyo. Ungeniuliza hiyo 1/w inatafuta nini pale, ningenyamaza.

Kilichonifungua macho ni hesabu ya nusu ukurasa, na ndiyo ninayomwomba kila mwanafunzi aianze nayo.

Chukua mgeuzo (kanuni inayobadili f kuwa kazi nyingine) wa Hardy, ambao ni wastani tu: intigrali ya f kutoka 0 hadi x, igawe kwa x. Hardy alionyesha miaka ya 1920 kwamba ukiuweka wastani huo kwenye mraba na kuchukua intigrali yake, hupati zaidi ya mara 4 ya intigrali ya f mraba. Sasa tia uzani x^a pande zote mbili. Ile 4 inageuka 4/(1−a)². Kokotoa mwenyewe: a = 0.5 inatoa 16, a = 0.9 inatoa 400. Ukifika a = 1, hakuna namba inayotosha.

Kaa hapo kwenye 1, usifungue ukurasa unaofuata. Jaribu f(x) = 1/(x ln(1/x)) kati ya 0 na 1/2, na sifuri kwingineko. Upande wa kulia unapata 1/ln 2, kama 1.44. Upande wa kushoto wastani wenyewe hauna kikomo, popote utakapoweka x. Uzani ni mwepesi mno karibu na sifuri, hivyo f inarundikana pale bila gharama. Na angalia 1/w: ni 1/x, ambayo intigrali yake inalipuka palepale. Ndiyo kazi ya 1/w. Nilipoiona, niliweka kalamu chini nikatulia kwa muda.

Kisha nenda upande wa pili, wa a hasi, nilikokosea mbele ya wenzangu. Kwa a = −2 sharti la Muckenhoupt halitimii, nikatangaza kuwa kadirio la Hardy nalo limeanguka. Halikuanguka: namba yake ni 4/9. Mgeuzo wa Hardy hutazama nyuma tu, kuelekea sifuri. Mgeuzo wa Hilbert, ambao ni intigrali ya f(y)/(x−y) kwenye mstari mzima, hutazama pande zote: f iliyoko kati ya 1 na 2 inaacha alama karibu na sifuri, ambako x^−2 haivumilii chochote. Hunt, Muckenhoupt na Wheeden walithibitisha mwaka 1973 kwamba kwa Hilbert sharti lile ndilo hasa linalohitajika. Kwa |x|^a, a iwe kati ya −1 na 1. Kwa hiyo uliza kwanza mgeuzo wako unatazama wapi.

Mwisho, kokotoa zao la wastani wa w na wa 1/w kwenye kipande kinachoanzia 0. Utapata 1/(1−a²). Petermichl mwaka 2007, kwa Hilbert, kisha Hytönen mwaka 2012, kwa migeuzo yote ya Calderón na Zygmund (jamii pana ya migeuzo inayofanana na wa Hilbert), walionyesha kwamba nomu, yaani kiasi kikubwa kabisa ambacho mgeuzo unaweza kuikuza f, haikui kwa kasi kuliko namba ya Muckenhoupt yenyewe, yaani zao hilo likiwa kubwa kabisa kati ya vipande vyote. Wasome ukiwa na jedwali lako la hesabu hizi kwa a = 0.5, 0.9 na 0.99 pembeni.